Nta, Mafuta ya Kinga au Seramiki? Kulinda Kruza Dhidi ya Kutu Katika Miji ya Pwani

Mwenye pikipiki ya kruza, yaani ile ndefu yenye kiti cha chini na kromu nyingi, anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja hukutana na jambo linalomshangaza katika miezi ya mwanzo: pikipiki ambayo haijanyeshewa hata tone, iliyolala barazani chini ya paa, inaamka na vidoa vya rangi ya udongo mwekundu juu ya kromu. Mvua hulaumiwa bure. Anayehusika ni chumvi. Upepo wa baharini hubeba matone madogo sana ya maji ya chumvi, matone hayo hukauka juu ya chuma na kuacha unga usioonekana kwa macho, na unyevu wa hewa unapofikia takribani asilimia 75, kama unavyofikia usiku mwingi katika mwambao wetu, unga huo huvuta maji kutoka hewani na kujilowesha wenyewe. Chuma hubaki kimefunikwa na utando mwembamba wa maji ya chumvi hadi jua lipande, na usiku unaofuata mambo huanza upya. Anayevuka kila siku kwa kivuko cha Kigamboni au cha Likoni huongeza shehena hiyo kila asubuhi na jioni.

Kruza huumia kuliko pikipiki nyingine kwa sababu ya umbo lake. Madigadi yake mara nyingi ni ya chuma, ekzosi zake ni ndefu na ziko wazi, magurudumu yake mengi ni ya spoki, na karibu kila kinachoonekana kimepakwa kromu. Kromu hiyo inayong'aa ni tabaka jembamba mno, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, nalo lina nyufa na vitundu visivyoonekana. Kinachokinga chuma hasa ni tabaka la metali ya nikeli lililo chini yake, na nikeli hiyo ikishapenywa mahali pamoja, maji ya chumvi hufika kwenye chuma na kutu husukuma kuja juu. Ndiyo maana kidoa kidogo cha kutu juu ya kromu si uchafu uliokaa juu yake: ni mdomo wa shimo.

Njia tatu za kukinga hutajwa kila wenye kruza wanapokutana, yaani nta, mafuta ya kinga ya kupuliza, na mpako wa seramiki. Kila moja ina watetezi wanaozungumza kana kwamba wengine wamerogwa. Kwa maoni yangu mabishano mengi hutokea kwa sababu mmoja anazungumzia tangi la mafuta, mwingine anazungumzia upande wa chini wa madigadi, na wote wawili wanasema kweli.

Vigezo vya ulinganisho

Njia zote tatu zitapimwa kwa mambo matano yaleyale. La kwanza ni mahali zinapofaa, kwa kuwa kruza moja ina chuma chenye kromu, alumini iliyosuguliwa, rangi, plastiki na mpira, na kinachofaa hapa huharibu pale. La pili ni muda wa kinga mbele ya chumvi, jua na sabuni. La tatu ni kazi inayohitajika, ya mara ya kwanza na ya kurudia. La nne ni madhara, hasa vumbi, joto na usalama wa breki. La tano ni gharama na upatikanaji. Mng'ao sikuuweka katika vigezo, ingawa najua wengi wetu huanzia hapo, kwa sababu pikipiki inaweza kung'aa mbele za watu huku spoki zake zinaliwa karibu na kitovu cha gurudumu.

Yanayotangulia kinga yoyote

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayofaa kupakwa juu ya chumvi. Osha kwanza, na uangalie unaosha kwa maji gani: visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo anayeosha kwa maji hayo anakuwa amepaka adui kwa mikono yake mwenyewe. Maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa yanafaa zaidi. Tumia sabuni ya kuoshea magari kuliko ile ya vyombo, ambayo huondoa nta pamoja na uchafu, na umzuie kijana wa kuosha magari asielekeze mpira wa presha kwenye bearingi za magurudumu, soketi za waya na sili za shokapu za mbele. Baada ya kuosha, zungusha pikipiki kilomita chache ili joto na upepo vikaushe pembe ambazo kitambaa hakifiki.

Vidoa vya kutu vilivyokwisha kujitokeza juu ya kromu viondolewe kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyochovywa majini, ukisugua polepole. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo huondoa kutu bila kuacha mikwaruzo, tofauti na msasa au waya wa kusugulia sufuria. Chukua pia sumaku ndogo na uipitishe kwenye kila kinachong'aa. Inaponata pana chuma kinachohitaji kinga. Isiponata, mara nyingi pana alumini au plastiki iliyopakwa kromu, ambayo haishiki kutu nyekundu, na hutakuwa na sababu ya kuipotezea Jumamosi nzima.

Alumini ina ugonjwa wake. Mifuniko ya injini ya kruza nyingi za miaka ya 1980 na 1990, zikiwamo Yamaha Virago na Honda Shadow zilizotumika zinazoagizwa kutoka nje, ilipakwa vanishi angavu kiwandani. Vanishi hiyo ikichubuliwa na jiwe, unyevu hutambaa chini yake na kuchora nyuzi nyeupe mithili ya njia za minyoo. Nyuzi hizo ziko chini ya vanishi, kwa hiyo nta, mafuta na seramiki vyote vitakaa juu yake bila kuzigusa. Dawa ni kuiondoa vanishi yote, kuisugua alumini upya, kisha ndipo uchague kinga.

Nta

Mahali inapofaa ni pale mkono unapofika kwa urahisi: tangi, rangi ya madigadi, taa, usukani na kromu ambayo haipati joto kali. Nta ya asili inayosifiwa zaidi hutokana na majani ya mti wa karnauba, aina ya mtende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na siku hizi nyingi huchanganywa na nta za kiwandani zinazodumu zaidi. Kazi yake ni kuziba vitundu vya kromu na kuifanya chumvi ikose pa kushika, hivyo maji ya kuoshea huiondoa kwa wepesi.

Muda wake ndio udhaifu wake. Kwa pikipiki inayolala nje katika jua na hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, mimi hupaka upya kila baada ya wiki nne hadi nane, na ninapoona maji hayakusanyiki tena kuwa matone juu ya tangi, najua nimechelewa. Kazi yenyewe si ngumu: unapaka, unasubiri ikauke, unafuta. Ugumu uko kwenye spoki, ambazo zinataka kidole, kitambaa na subira ya mfumaji wa mikeka, na watu wengi huziacha baada ya gurudumu la kwanza.

Madhara ni machache. Huacha unga mweupe kwenye pembe na juu ya plastiki nyeusi, haifai kabisa kwa rangi isiyong'aa, na baadhi ya makopo yanayouzwa kama nta yana chembe za kusugulia ambazo zikitumiwa kila mwezi zitaimaliza kromu ile nyembamba. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzi joto kidogo juu ya 80, kwa hiyo kuipaka kwenye ekzosi, inayopata joto la mamia ya nyuzi, ni kuchoma pesa. Kwa gharama ndiyo nafuu kuliko zote tatu, na hupatikana katika karibu kila duka la vifaa vya magari.

Inamfaa mtu anayependa kuishika pikipiki yake, anayeiegesha mahali pakavu, na ambaye kumpa kruza saa mbili kila mwezi ni starehe kwake.

Mafuta ya kinga

Hapa ndipo penye utatanishi mwingi, kwa sababu jina moja limebeba vitu vingi. Kuna mafuta mepesi ya kufukuza maji, ambayo mfano wake unaojulikana na kila fundi ni WD-40, iliyobuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, ili kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Ni mazuri kwa kazi hiyo ya kufukuza maji na kulegeza bolti, lakini utando unaobaki ni mwembamba na huondoka mapema, kwa hiyo anayeyategemea peke yake katika pwani atalazimika kuyapuliza kila mara. Kuna mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuzuia kutu, kama ACF-50 iliyokusudiwa ndege, ambayo hutambaa yenyewe hadi kwenye maungio na kubaki na unyevu kwa wiki nyingi. Na kuna yale mazito yenye lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, ambayo hushika zaidi na hutumiwa sana kwenye vyombo vya baharini.

Mahali yanapofaa ni kule kusikoonekana: upande wa ndani wa madigadi, viungio vya fremu, chemchemi za shokapu za nyuma, nati za spoki, nyuma ya taa, vichwa vya bolti, soketi za waya. Hizi ndizo sehemu ambazo nta haifiki na ambazo kutu huanzia. Niliwahi kung'arisha kruza yangu kila wiki kwa karibu miaka miwili, hadi siku nilipoitoa tairi ya nyuma na kukuta upande wa ndani wa madigadi umekuwa kama gamba la mti. Tope la masika lilikuwa limeganda mle, limeshika chumvi na maji, na kitambaa changu cha nta hakikuwahi kufika.

Kuhusu muda, katika sehemu zilizojificha mafuta ya aina hii ya pili na ya tatu hudumu miezi kadhaa. Katika sehemu zinazopigwa na mvua na kuoshwa kila wiki hudumu wiki chache tu. Kazi ni nyepesi kuliko ya nta. Unapuliza kidogo, unasambaza kwa kitambaa au brashi laini, unaacha usiku mzima, asubuhi unafuta ziada. Kosa la kawaida ni kupuliza mengi ukidhani wingi ni kinga; ziada hudondoka, na inapodondokea ndipo matatizo yanapoanza.

Madhara yake hayapaswi kuchukuliwa kwa mzaha. Mafuta yakifika kwenye diski ya breki, pedi au tairi, uhai wa mpanda pikipiki umo hatarini, kwa hiyo pulizia kitambaa kwanza unapofanya kazi karibu na magurudumu, funika diski kwa mfuko, na jaribu breki kwa mwendo wa polepole kabla ya kuingia barabarani. Kruza zinazoendeshwa kwa mkanda, kama nyingi za Harley-Davidson, zisipulizwe karibu na mkanda. Zenye shafti, kama Virago 535, hazina tatizo hilo. Aidha, mafuta huvuta vumbi, na katika barabara isiyo na lami pikipiki itapata rangi ya kaki kwa siku moja. Vumbi hilo ni baya kwa sura kuliko kwa chuma, mradi lioshwe kabla halijaganda. Kwenye ekzosi mafuta huungua, hutoa moshi na huacha madoa ya kahawia.

Kwa gharama, kopo la mafuta maalumu ni ghali kuliko la nta na si kila duka linalo, lakini kopo moja hutumika mara nyingi. Wapo wanaoikwepa gharama hiyo kwa kupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Fundi mmoja alinishauri hivyo kwa nia njema. Tatizo ni kwamba oili iliyotumika imebeba asidi na masizi ya mwako, huilainisha mipira na sili, na huchafua ardhi inakodondokea. Kama fedha ni ndogo, grisi safi iliyopakwa kidogo chini ya madigadi na kwenye nyuzi za bolti ni bora zaidi. Grisi hiyo pia husaidia pale bolti ya chuma inapoingia kwenye alumini, maana metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa, na bolti hung'ang'ania humo hadi ikatike.

Mafuta ya kinga yanamfaa anayeendesha kila siku, anayeegesha nje, na asiyejali sana kama pikipiki inavuta vumbi, ilimradi iishi.

Mpako wa seramiki

Huu ni utando mgumu wenye asili ya silika, madini yaliyomo katika mchanga na kioo, unaoshikamana na rangi au kromu na kubaki hapo badala ya kukaa juu tu kama nta. Unafaa kwenye tangi, madigadi kwa nje, kromu iliyo safi na alumini iliyosuguliwa. Aina nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya ekzosi. Kwa bomba la moto kuna mipako ya joto kali inayouzwa peke yake, na muuzaji asiyejua tofauti hiyo usimwachie pikipiki yako.

Kwa muda ndio unaoongoza. Watengenezaji huutaja kwa miaka, na hata ukipunguza matumaini ya tangazo, bado unaishinda nta kwa mbali. Baada ya hapo kazi ni kuosha tu, na chumvi huondoka kwa maji ya kawaida. Lakini kazi ya mara ya kwanza ni nzito: uso wote lazima usafishwe, usuguliwe na kuondolewa mafuta, na baada ya kupaka pikipiki inapaswa kukaa bila maji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kwa unyevu wa pwani, miezi ya Juni hadi Agosti, wakati kusi imepoza hewa na masika yamekwisha, inafaa kuliko mwezi wa Aprili.

Madhara yake makubwa ni ya siri. Ukipakwa juu ya kromu ambayo tayari ina mashimo ya kutu, utaifungia kutu ndani, nayo itaendelea polepole chini ya kioo hicho kizuri. Jiwe likiuvunja mahali, chumvi huingia papo hapo, na kurekebisha sehemu moja si rahisi kama kupaka nta. Gharama ni kubwa kuliko zote, na ikiwa utampa fundi, unalipia zaidi saa za kusugua kuliko chupa yenyewe.

Unamfaa mwenye kruza mpya, au iliyopakwa rangi na kromu upya, ambaye anakusudia kukaa nayo muda mrefu.

Yasiyofikiwa na njia yoyote kati ya hizi

Ekzosi huoza zaidi kwa ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na safari ya dakika tano hadi dukani haipashi bomba joto la kutosha kuutoa wote, kwa hiyo hulala humo. Safari moja ndefu kwa wiki ni dawa isiyouzwa kopo. Tangi nalo lijazwe kabla pikipiki haijakaa muda mrefu, kwa sababu nafasi tupu ndiyo inayopokea hewa yenye unyevu. Kuhusu turubai, la nailoni zito lisilopumua hufungia mvuke na kugeuka sufuria. Afadhali kitambaa kinachopitisha hewa, na pikipiki isiegeshwe juu ya majani au udongo.

Uamuzi kwa hali yako

Ikiwa unaishi mahali unapoisikia bahari usiku na unaendesha kila siku, anza na mafuta ya kinga sehemu zilizojificha, kabla ya masika na tena kabla ya vuli, kisha weka nta kwenye tangi na kromu ya juu. Mchanganyiko huu ndio ninaoutumia, na ni wa bei ya wastani.

Ikiwa kruza yako hutoka mwisho wa wiki tu na inalala ndani ya banda kavu, nta peke yake inatosha, pamoja na kumwaga maji ya bomba kila inaporudi kutoka ufukweni.

Ikiwa unaishi Nairobi, Arusha au Dodoma, chumvi si jirani yako wa kila siku, na kupaka nta mara chache kwa mwaka kutakutosha. Hata hivyo, ukishuka Mombasa kwa likizo, usirudi nyumbani na chumvi ya siku tatu kwenye spoki; osha kabla ya kuondoka, kisha osha tena ukifika.

Ikiwa umeinunua karibuni, kromu ikiwa haina hata shimo moja, seramiki ina maana kwako, mradi chini ya madigadi na ndani ya fremu bado upulize mafuta, kwa sababu mpako huo hautafika huko.

Ikiwa utaiacha kwa miezi kadhaa, kama wafanyavyo mabaharia na wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, mafuta mazito yenye lanolini kwenye kila chuma kisicho diski wala ekzosi ndiyo chaguo. Jaza tangi, toa betri, na ziba midomo ya ekzosi kwa kitambaa kikavu ukifunga utepe mwekundu wa kukukumbusha kukitoa.

Na ikiwa umerithi au umenunua kruza ambayo kromu yake imekwisha kuchimbika, weka fedha za seramiki pembeni. Sugua kwa karatasi ya alumini, puliza mafuta kila baada ya wiki chache ili kutu isisonge, na ukusanye pesa polepole za kumpelekea fundi wa kupaka kromu upya, kipande kimoja kimoja, ukianza na vile vinavyobeba uzito wako: rimu na spoki.